Madoa ya maji kwenye boti ya faiba iliyotumika: ndimu, oksaliki, dawa ya choo au kompaundi?

Boti ya faiba ikikaa majini miezi mingi huvaa mkanda. Pale maji yanapokutana na hewa hujichora ukanda wa rangi ya chai, chini ya bolti hushuka michirizi myekundu, na karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, hutanda ukungu wa kijani. Anayenunua boti iliyotumika, iwe imeletwa kutoka Dubai au ameuziwa na jirani pale Mtwapa, hununua na mkanda wake. Kabla hata hajaifikisha nchi kavu, kila apitaye ana dawa ya kumpa. Huyu anasema ndimu, yule oksaliki, mwingine dawa ya choo, na kijana wa gereji anaapa kwa kompaundi ya magari. Wote wanasema kweli, kwa kuwa kila mmoja aliiona dawa yake ikifanya kazi kwenye doa alilokuwa nalo. Doa lako huenda ni jingine.

Ninazozilinganisha hapa ni njia nne hizo, kwa boti za faiba tu. Chombo cha mbao kina mambo yake ya sifa (mafuta ya samaki) na deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa), tukiache kando.

Kwanza lijue doa

Rangi ya chai iliyoenea kama mkanda mara nyingi ni tanini, kemikali ya mimea inayotia rangi. Magome na majani ya mikoko yana tanini nyingi, na ndiyo sababu magome hayo yaliuzwa kwa miaka mingi kwa watengenezaji wa ngozi. Boti iliyolala kwenye hori, yaani mkono wa bahari, lenye mikoko, au iliyofanya kazi delta ya Rufiji, hushika rangi hii kuliko iliyolala kwenye maji ya wazi Nungwi.

Mchirizi wa rangi ya chungwa unaoanzia mahali pamoja na kushuka chini ni kutu, na kutu ina mwenyewe. Tafuta bolti, pete au skrubu iliyo juu yake. Usipoishughulikia hiyo, mchirizi utarudi hata ukiusafisha kwa dawa ya bei ghali kiasi gani.

Doa jeupe linalokwaruza kidole ni chokaa. Sehemu yake huachwa na vile vijikombe vigumu vinavyoota chini ya boti; ukivibandua, nyayo zao hubaki. Sehemu nyingine tunaileta wenyewe. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yamejaa chokaa, na ukiosha boti kwa maji hayo kisha ukaiacha ikauke juani unatia madoa mapya huku ukiondoa ya zamani. Ukiwa na maji ya mvua, yaweke kwa ajili ya suuza ya mwisho.

Utando wa kijani ni mwani mdogo tu, sabuni na brashi vinautosha. Kwa wenye boti za Ziwa Victoria hili ndilo doa kuu, maana maji ya ziwa lile yana madini machache na vijikombe vya baharini havioti huko.

Kabla hujanunua dawa yoyote, kata ndimu, isugue juu ya doa, eneo la kiganja tu, subiri dakika kumi kisha suuza. Doa likififia, unashughulika na tanini au kutu. Likitoa vipovu vidogo, ni chokaa. Lisipojali kabisa, chukua kitambaa cheusi kikavu ufute pale pale. Kikitoka na unga mweupe, huna doa bali una ngozi ya boti iliyochomwa na jua, na hakuna asidi itakayoirudishia mng'ao.

Angalia pia malengelenge chini ya mstari wa maji. Ukilitoboa moja likatoa majimaji yenye harufu kali kama ya siki, maji yameshaingia ndani ya faiba. Hapo kazi ya kuondoa madoa isimame kwanza, umtafute fundi wa faiba.

Vigezo vya kupimia

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: inaondoa doa gani, inaifanya nini ngozi ya boti, inamfanya nini mtu na maji yaliyo chini yake, na inakula pesa na muda kiasi gani.

Jambo la pili ndilo watu hulisahau. Ngozi ya nje ya boti ya faiba inaitwa jelikoti, nayo kwa kawaida ina unene wa kama nusu milimita, pungufu ya kadi ya benki. Ikiisha haioti tena. Kwenye boti mpya una hakika kwamba yote ipo. Kwenye iliyotumika hujui wenye boti waliokutangulia waliisugua mara ngapi, wala kwa kitu gani, na muuzaji hatakwambia. Kwa hiyo mimi napendelea kuanza na njia isiyochukua chochote, nikipanda ngazi pale tu doa linapokataa.

Ndimu, siki na unga wa sitriki

*Doa.* Hutoa tanini changa, kutu nyepesi na chokaa ya juujuu. Asidi ya sitriki iliyomo kwenye ndimu hukishika chuma kilichomo ndani ya kutu na kukiyeyusha. Siki ya dukani, ambayo ni asetiki ya karibu asilimia 5, inafaa zaidi kwenye chokaa. Mkanda wa miaka mingi utapungua rangi tu. Ukitaka nguvu zaidi bila kuhama familia hii, tafuta asidi ya sitriki ya unga, ile ya kutengenezea vyakula, uikoroge kwenye maji ya vuguvugu. Inashinda kukamua ndimu kapu zima.

*Ngozi ya boti.* Haidhuriki. Kinachoondoka ni nta kama ilikuwepo.

*Mtu na maji.* Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ya binadamu chini ya jua kali huiunguza na kuacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Vaa glavu, au fanya kazi kivulini na unawe vizuri. Baharini madhara yake ni madogo kuliko ya njia nyingine zote hapa.

*Mfuko na muda.* Pesa kidogo, mikono mingi. Itabidi urudie.

Inamfaa mwenye boti ndogo, mkanda usio wa zamani sana, na asiye na pa kuoshea isipokuwa ufukweni.

Asidi ya oksaliki

Hii ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za kusafishia boti zinazouzwa kwa chupa maridadi. Yenyewe huwa unga mweupe kama chumvi. Mafundi wa mbao huutumia kung'arisha mbao zilizopiga weusi, na mafundi wa terazo huutumia kumalizia sakafu, kwa hiyo duka linalowauzia hao ndilo la kuulizia kwanza.

*Doa.* Kwa tanini na kutu sijaona mshindani wake. Hukibadilisha chuma cha kutu kuwa kitu kinachoyeyuka majini, na mkanda wa chai unaweza kupotea mbele ya macho yako bila hata kusugua. Kwenye chokaa ni dhaifu. Ikikutana na kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, hutengeneza chumvi isiyoyeyuka, basi chokaa inabaki pale pale, imefunikwa tu. Mtu mwenye nyayo za vijikombe akikwambia oksaliki ni maji matupu, hakudanganyi.

*Ngozi ya boti.* Jelikoti haili, ila inaondoa nta yote na kuacha vinyweleo wazi. Usiiache juu ya aluminiamu, juu ya trela iliyopakwa zinki, wala juu ya zinki za kuzuia kutu zilizo karibu na injini. Lowesha vitu hivyo kwanza kwa maji safi, au vifunike kwa nailoni.

*Mtu na maji.* Ni sumu. Tabia ile ile ya kushikana na kalisi inayoifanya ishindwe na chokaa ndiyo inayoifanya iwe hatari ikimezwa: hushikana na kalisi iliyomo mwilini na kuganda kwenye figo. Unga wake ukipeperuka huwasha pua na macho. Barakoa wakati wa kukoroga, miwani na glavu muda wote, na chombo ulichokorogea kisirudi jikoni kamwe. Iweke mbali na watoto, kwa sababu inafanana mno na chumvi.

*Mfuko na muda.* Unga wa kupima huwa nafuu kuliko chupa ya dawa iliyo tayari. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu zinatosha. Shida ni kwamba ubavu wa boti umesimama wima na maji hayakai. Mafundi wenye subira hupika uji mwepesi wa wanga, wakauacha upoe, ndipo wakachanganya oksaliki ndani yake, ukipaka unang'ang'ania. Anzia chini kwenda juu ili usichore michirizi. Subiri dakika kumi hadi ishirini bila kuacha ikauke, kisha suuza kwa maji mengi. Kazi ya asubuhi moja kwa boti ya wastani.

Inamfaa mwenye mkanda mzito wa chai au michirizi ya kutu, aliye na mahali pa kuinyanyulia boti na nidhamu ya kuvaa kinga.

Dawa ya choo, yaani haidrokloriki

Ufukweni utasikia, "Bosi, mwaga dawa ya choo tu, dakika moja imekwisha." Dakika moja ni kweli. Soma lebo: nyingi ya dawa hizo nzito zina asidi ya haidrokloriki.

*Doa.* Kwenye chokaa hakuna inayoifikia. Inachemka, inatoa povu, na nyayo za vijikombe zinaondoka. Kutu nayo huitoa haraka.

*Ngozi ya boti.* Ikiguswa kidogo na kusuuzwa mara moja, jelikoti nzima huvumilia. Ikiachwa hufifisha mng'ao, na kwenye boti ya zamani yenye nyufa nyembamba kama nywele hupenya hadi kwenye faiba. Adui yake mkubwa lakini ni chuma. Hutoboa bolti za stenlesi vijitundu, hula aluminiamu, na huivua trela zinki yake. Nadhani boti nyingi zilizotoka kwenye "usafi wa bei rahisi" zinalia kutu mwaka unaofuata kwa sababu hii, na mwenyewe akaona alaumu bahari.

*Mtu na maji.* Mvuke wake unachoma koo, na tone moja machoni ni safari ya hospitali. Ukiipunguza makali, mimina asidi ndani ya maji, usimimine maji ndani ya asidi. Na kuna kosa moja linaloweza kuua: kupaka jiki ili kuua ukijani, halafu kumwaga dawa ya choo juu yake. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini. Jiki kwanza haiondoi kutu, na mara nyingi huizidisha rangi, kwa hiyo sioni sababu ya kuileta kwenye kazi hii hata kidogo. Asidi ya betri nayo ni salfuriki, iache kwenye betri. Pia usisuuzie dawa hii juu ya miamba hai, wala karibu na mashamba ya mwani kama ya Paje na Jambiani, ambako kina mama wako kazini maji yanapokupwa.

*Mfuko na muda.* Rahisi kupita zote, haraka kupita zote. Hapo ndipo ushawishi wake ulipo.

Inamfaa mwenye chokaa nene iliyoishinda siki, boti ikiwa nchi kavu, vyuma vimefunikwa, na kazi ikifanywa kipande kwa kipande na mtu aliyekwisha kuifanya.

Kompaundi na msasa wa maji

*Doa.* Linatoka lolote, kwa sababu hapa huliyeyushi. Unaondoa tabaka lililolibeba. Ndiyo njia pekee kati ya nne inayorudisha mng'ao wa jelikoti iliyochomwa na jua.

*Ngozi ya boti.* Kila pasi inachukua kidogo, na msasa unachukua zaidi ya kompaundi. Anza na kompaundi laini peke yake. Ikikataa, shuka kwenye msasa wa maji namba 2000, ikikataa tena 1500, na usikimbilie 800 ati kwa sababu fundi ana haraka. Pembe na mikunjo huisha mapema kuliko ubavu. Ukiona kivuli cha kahawia au cha kijani kikianza kuchungulia, au nyuzi za faiba, simama. Jelikoti imekwisha mahali hapo na kilichobaki ni kupaka rangi. Mashine ya kung'arishia ikikaa mahali pamoja huchoma, basi itembeze.

*Mtu na maji.* Hakuna sumu ya kemikali kali, lakini kuna vumbi, na chini ya mstari wa maji kuna jambo la kuangalia. Boti ya zamani huenda ilipakwa rangi ya kuzuia viumbe yenye TBT, sumu iliyopigwa marufuku kwenye vyombo kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008. Rangi zilizofuata nyingi zina shaba. Usizisugue kavu na usiruhusu vumbi lake liende majini. Kompaundi ni ya jelikoti iliyo wazi, si ya rangi hizo.

*Mfuko na muda.* Hii ndiyo inayokula zaidi: kompaundi, misasa, pedi, umeme, na siku mbili tatu za fundi. Fundi wa rangi za magari anaweza kuifanya vizuri ukimweleza kwamba hapa hana rangi ya kupuliza upya akikosea.

Inamfaa mwenye boti iliyopauka kote, ambayo jelikoti yake bado ipo ya kutosha, hasa kama inabeba wageni au inatafutiwa mnunuzi.

Baada ya njia yoyote kati ya hizi, paka nta. Asidi na kompaundi zote huacha vinyweleo wazi, na boti iliyosafishwa bila kupakwa nta hushika mkanda mpya upesi kuliko ilivyoshika ule wa kwanza.

Saa ya kazi

Asiye na trela hutegemea bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Zanzibar na Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika karibu mita 4, kiasi kwamba boti ndogo hukaa mchangani mkavu kwa saa kadhaa. Siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, maana yake boti inakauka wakati jua linaanza kuuma, na asidi inayokauka juu ya jelikoti yenye moto huacha doa lake yenyewe. Gawa ubavu vipande, fanya ule wenye kivuli kwanza, suuza kila kipande kabla ya kwenda kingine. Oksaliki na dawa ya choo sizipendi hapa, kwa kuwa chochote unachosuuza kinabaki mchangani kikisubiri maji yarudi kukichukua. Kwa kazi ya bamvua, sitriki inatosha, au upange kuipandisha boti.

Kulingana na hali yako

Kama bado hujanunua, nenda kuitazama boti ukiwa na ndimu na kitambaa cheusi mfukoni. Mkanda wa chai unaotoka kwa ndimu ni sababu ya kuomba bei ipungue, si ya kuikimbia boti. Kutu inayotoka chini ya bolti inataka bolti ifunguliwe uone ndani kabla ya kutoa pesa. Malengelenge mengi chini ya mstari wa maji ni sababu ya kurudi nyumbani.

Boti ikiwa imetoka kwenye hori au mtoni na mkanda ni wa miaka, oksaliki itakuokolea jelikoti ambayo kompaundi ingeila. Ikiwa na mkanda huo pamoja na chokaa, toa chokaa kwanza kwa siki au sitriki, suuza sana, ndipo oksaliki ifuate.

Kwa boti ya ziwani, sabuni na brashi, kisha sitriki pale panapobaki rangi. Sioni la kukupeleka mbali zaidi ya hapo.

Boti ya aluminiamu si mada yetu hapa, ila isiguswe na haidrokloriki kabisa, na oksaliki ijaribiwe mahali pasipoonekana.

Wenye boti za watalii, zinazotakiwa ziwe nyeupe kila asubuhi, wafute mstari wa maji kwa sitriki mara kwa mara na kupaka nta. Wakizoea kuita mashine kila msimu, jelikoti itaisha kabla ya injini. Ikiisha, inabaki kupaka rangi ya poliyurethani, na hiyo ni bajeti nyingine.

Na mvuvi mwenye faiba inayotoka alfajiri na kurudi na samaki hana haja ya lolote kati ya hizi nne. Doa la rangi halipunguzi mwendo wala haliongezi petroli. Utando na vijikombe ndivyo vinavyofanya hivyo. Brashi ngumu, kikwaruzio cha plastiki na maji yaliyokupwa vinamtosha, mkanda abaki nao.